Jua linasingiziwa

Saa nane mchana, bustani ya miche kando ya barabara ya kwenda uwanja wa ndege, Mwanza, upande wa ziwa. Mama mmoja ameinamia kiriba cheusi chenye kangaga. Majani yake marefu yamechanika pande zote mbili kama unyoya, na yanamwagika hadi kugusa ardhi.

"Dada, hili naweza kuliweka pale getini? Jua linapiga kutwa."

"Hapana mama yangu, hili la kivulini. Juani linaungua."

Mama akanyoosha mgongo, akachukua bugainvilea.

Nyuma ya bustani hiyo, ukishuka kidogo, mafunjo yanaanza. Ndani ya mafunjo, peupe kabisa, bila mti wala neti juu yake, kuna kangaga nyingine. Imesimama wima, kijani hadi ncha ya jani.

Jua ni lile lile.

Kwa wiki kadhaa jambo hilo limekataa kunitoka kichwani. Muuzaji hakudanganya: kangaga ile ikipelekwa getini itakauka ndani ya siku chache. Na kangaga ya mafunjoni nayo haidanganyi. Lazima kuna kitu kati ya hizo mbili ambacho neno "kivulini" linakificha, na watu wa Mwanza wanaotaka kijani kwenye baraza zao zilizojengwa juu ya majabali wanastahili kukijua.

## Kivuli cha watu wengine

Sehemu ya ushauri huu ilisafiri na vitabu. Katika karne ya 19 Waingereza walizipenda kangaga kupita kiasi. London, mnamo 1829, daktari Nathaniel Ward aliona kangaga ikichipua ndani ya chupa iliyofungwa, wakati zile za bustanini kwake zilikuwa zinakufa kwa moshi wa jiji. Masanduku ya vioo yakafuata, na kangaga ikawa mmea wa sebuleni. Mwaka 1894, huko Marekani, ndani ya shehena ya *Nephrolepis exaltata* iliyotoka Philadelphia ukaonekana mche mmoja wenye majani yanayoinama kuliko wenzake. Uzao wa mche huo ndio unaojulikana kama kangaga ya Boston, na ndio umejaa kwenye viriba vya dunia nzima.

Ni mmea uliochaguliwa uning'inie ndani ya nyumba. Maelezo yake yaliandikwa kwa ajili ya ndani ya nyumba.

Lakini ukoo wa *Nephrolepis* wenyewe ni wa nchi za joto. Unaota juu ya mashina ya michikichi, pembezoni mwa mabwawa, kwenye miamba, na mara nyingi juani.

## Hesabu ya lita

Hapa ndipo fundo linapofunguka.

Chukua kangaga iliyotanuka kufikia sentimita 60 kwa upana. Ukiitazama kutoka juu, inafunika eneo la karibu robo ya mita ya mraba na kidogo zaidi. Katika siku kavu ya Agosti, mita moja ya mraba ya majani yaliyo juani na yenye maji ya kutosha hupoteza lita 5 hadi 6. Kwa hiyo kangaga yako inahitaji lita moja na nusu kwa siku. Ikisimama peke yake mahali pa upepo, inafika lita mbili.

Sasa tazama kiriba. Kina lita tatu za udongo. Udongo mzuri wa kiriba hushika maji yanayonyweka kama theluthi moja ya ujazo wake, yaani lita moja.

Lita moja ndani, lita moja na nusu nje. Hata ukimwagilia alfajiri hadi maji yatoke chini, mmea unakaukiwa kabla jua halijaanza kushuka.

Kangaga ya mafunjoni haina hesabu hiyo. Mizizi yake imo kwenye tope lisilokauka mwaka mzima.

Kuna jambo la pili linaloongeza uzito. Mahindi, maharage na bugainvilea zina mirija mipana ya kupandisha maji. Kangaga nyingi hazina. Zina vijitundu vyembamba vilivyounganishwa kwa kuta, na maji hupanda taratibu. Udongo ukianza kukauka, mpandisho huo unazidiwa mapema kuliko wa mimea yenye maua. Ndiyo maana kangaga hainyong'onyei kwa upole na kukuonya jioni kama mchicha. Ncha zinakuwa kahawia, na kahawia hairudi kuwa kijani.

## Hata hivyo, jani nalo lina mpaka

Ingekuwa rahisi kuandika kwamba maji ndiyo yote. Siyo.

Zipo kangaga ambazo hata mizizi yake ikiwa majini, jua la adhuhuri litaziunguza. Zile zenye vijani vyembamba kama karatasi na vikonyo vyeusi vya kung'aa, za jenasi *Adiantum*, ni za kivuli kweli. *Asplenium nidus*, ile yenye majani mapana yaliyopangika kama kiota, nayo ni hivyo hivyo. Jani lililoumbwa kuvuna mwanga hafifu linapopigwa na jua kali hupokea mwanga kuliko linavyoweza kuutumia, na ziada hiyo inaharibu ukijani wenyewe. Unaona mabaka meupe au ya rangi ya majani makavu katikati ya jani, upande unaotazama juu, huku ncha zikiwa nzima.

Na hata kangaga inayostahimili jua ina majani ya aina mbili. Yaliyofunguka chini ya neti ya kitalu ni mapana, membamba, kijani kizito. Yanayofunguka juani ni mafupi, manene, yamesimama, na rangi yake inaelekea umanjano kidogo. La kwanza haligeuki kuwa la pili.

Linaungua tu.

Kwa hiyo unapoitoa kangaga kitaluni kwenda juani, majani uliyoyanunua mengi utayapoteza. Usiyahesabu hayo. Hesabu yanayozaliwa baada yake, yale yanayotoka yamejiviringa. Mtu akilielewa hili moja tu, haondoi tena mmea hai kwa sababu ya majani ya zamani yaliyokuwa yamekwisha hukumiwa.

## Zipi za kutafuta

*Nephrolepis cordifolia* ndiyo ya kuanzia. Majani yake yanasimama kuliko ya Boston, na kwenye mizizi ina vinundu vya duara, ukubwa wa zabibu, vinavyohifadhi maji. Ukiichomoa kwenye kiriba ukaviona, umeipata. Inavumilia siku ambayo mwagiliaji amesafiri.

*Nephrolepis biserrata* ni ya Afrika ya joto, kubwa, majani yake yanaweza kupita mita moja. Inataka chombo kizito na maji mengi. Usiiweke kwenye kopo la lita kumi.

*Pteris vittata* huota yenyewe kwenye nyufa za kuta, kingo za mitaro na mawe yenye chokaa. Majani yake ni kama ngazi, kidole kirefu mwishoni. Inapenda jua, inapenda udongo usiotuama maji. Ila ina tabia moja ya kuiheshimu: mwaka 2001 watafiti wa Florida walionyesha kwamba inafyonza arseniki, ambayo ni sumu, kutoka udongoni na kuirundika kwenye majani. Ukanda wetu una machimbo ya dhahabu, na mawe ya dhahabu mara nyingi huja na arseniki. Usiichukue kwenye vifusi vya machimbo, usiwape mbuzi majani yake, na usiyatie kwenye mboji ya mboga.

Ile ya mafunjoni mara nyingi ni *Cyclosorus interruptus*. Shina lake linatambaa chini ya tope, majani yanachomoza mojamoja, hayafanyi kichaka. Kwa uzuri wa baraza haishindi *Nephrolepis*, lakini kwenye beseni lisilo na matundu, juani kutwa, hakuna inayoifikia.

Zipo pia kangaga ndogo za miambani kama *Actiniopteris*, zenye umbo la mvumo mdogo, zinazojikunja zikikauka na kufunguka mvua ikinyesha. Zinashawishi. Ziache zilipo. Mizizi yake imejibana ndani ya ufa wa jiwe, na ukiing'oa unatoka na nusu mmea. Kisiwa cha Saa Nane ni hifadhi ya taifa, hivyo huko kuchukua mmea wowote ni kosa la jinai pia.

Na kuna ile inayouzwa kwa jina la kangaga lakini siyo: *Asparagus*, yenye vijani kama sindano, vimiba vidogo, maua meupe na matunda mekundu. Kangaga haitoi maua kabisa, wala tunda. *Asparagus* inavumilia ukame kwelikweli, na watu wengi wanaojisifu kwamba kangaga yao hainywi maji, wana hiyo. Ukifuata ushauri wao kwa *Nephrolepis*, utaiua.

## Jua la Mwanza lina ratiba yake

Saa zetu zinafuata mstari wa longitudo wa nyuzi 45 mashariki, ambao kwa usawa wetu uko mbali, baharini kabisa. Mwanza iko karibu nyuzi 33. Matokeo yake jua halifiki utosini saa sita. Linafika kati ya saa sita na nusu na saa saba, kutegemea mwezi.

Kwa mwenye chungu hili lina maana kubwa. Saa nne asubuhi hapa jua bado ni changa kuliko saa ile ile Dar es Salaam. Ukali unaanzia saa tano, na hauishi hadi karibu saa kumi. Unaposoma "jua la asubuhi tu," kwa Mwanza isome hivi: kuanzia linapochomoza, karibu saa moja kasorobo, hadi saa tano. Ni zaidi ya saa nne za jua, na zinaitosha *Nephrolepis* yoyote.

Upande wa nyumba nao unahama. Tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini ya ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba, jua la adhuhuri liko kaskazini ya utosi. Mwishoni mwa Juni linaegemea huko kwa nyuzi 26 hivi. Kuanzia Oktoba hadi katikati ya Machi liko kusini, na Desemba linaegemea nyuzi 21. Vitabu vya Ulaya vinavyosema "ukuta wa kaskazini ni wa kivuli" vinakupotosha hapa kwa nusu mwaka. Kangaga iliyonawiri kwenye ukuta wa kusini tangu Aprili itaanza kupata jua la mchana Oktoba, na mwenyewe utadhani imeingiwa na ugonjwa.

Upande wa mashariki haubadiliki hivyo. Ukiwa na uchaguzi, chagua huo.

Magharibi ni pagumu kuliko pote, kwa sababu jua la saa tisa linakuja pamoja na upepo wa ziwani, na ukuta ulikwishapata moto.

## Chombo

Ukinunua kitu kimoja tu, nunua chombo kikubwa.

Kwa kangaga moja ya juani, lita 20 ndicho kiwango cha chini. Ndoo ya rangi inafaa sana, ikioshwa vizuri. Iwe nyeupe, au ipakwe nyeupe. Plastiki nyeusi juani hupandisha joto la udongo upande unaopigwa hadi kupita nyuzi 45, na mizizi mingi huanza kufa ikipita 40. Hapo unapata mmea wenye mizizi upande mmoja tu, unaomwagiliwa vizuri na bado unakauka, na hakuna anayeelewa kwa nini. Ukiuchomoa, mizizi ya upande wa jua ni kahawia na inavunjika.

Chungu cha udongo wa kufinyanga kinapoza mizizi kwa sababu maji hupenya ukutani na kuyeyuka, lakini maji hayo yanatoka kwenye fungu lile lile la mmea. Njia nzuri ni kukiweka ndani ya kingine kipana zaidi na kujaza mchanga katikati, nafasi ya vidole vitatu, kisha kuuloanisha mchanga huo. Chungu cha saruji ni kizuri kwa *biserrata* kwa sababu hakianguki, ila kikiwa kipya kijaze maji na kuyamwaga kila siku kwa wiki moja au mbili ili kitoe ukali wa saruji.

Kwa ndoo ya *Nephrolepis*, usitoboe kitako. Toboa ubavuni, sentimita 5 kutoka chini, matundu manne ya milimita 8. Jaza mchanga mnene wa mtoni hadi usawa wa matundu, kisha udongo wako juu yake. Sehemu hiyo ya chini inahifadhi karibu lita moja ya maji, na mchanga unayapandisha kadiri udongo wa juu unavyokauka. Lita hiyo ndiyo tofauti kati ya saa saba na jioni. Kokoto hazifanyi kazi hii: maji hayapandi kupitia mapengo yake makubwa. Na kwa kuwa maji yamefichwa ndani ya mchanga, mbu hawapati pa kutagia, tofauti na kisahani kilichojaa chini ya chungu.

Kwa *Pteris vittata* fanya kinyume: matundu kitakoni, matano au sita ya sentimita moja, bila akiba.

Mwisho, usikalishe ndoo moja kwa moja juu ya jabali au pevingi. Jiwe likishika joto la kutwa linaendelea kulitoa usiku. Matofali mawili chini ya ndoo yanatosha kuruhusu hewa ipite.

## Udongo

Udongo wetu wa kilimani, luseni, ni wa kichanga uliotokana na miamba ya matale. Peke yake haushiki maji. Mbuga, ule mweusi, unashika mno. Ukikauka unapasuka na kukata mizizi. Luseni ndio wa kuanzia, ukiongezewa.

Kwa ndoo ya lita 20: lita 8 za mboji iliyoiva, lita 5 za luseni, lita 5 za pumba za mpunga zilizochomwa, na lita 2 za samadi ya ng'ombe iliyokaa angalau miezi sita. Huo ni ujazo wa ndoo nzima. Kwa kuwa mchanga wa chini umechukua nafasi, utabaki kidogo wa kujazia baadaye udongo ukishuka.

Pumba zichomwe hadi ziwe nyeusi, kisha zizimwe kwa maji kabla hazijawa jivu la kijivu. Jivu lina chumvi na linapunguza uchachu kuelekea upande wa magadi, wakati *Nephrolepis* inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 5.5 hadi 6.5. Zisuuze mara mbili. Pumba mbichi usitie: zinapooza ndani ya ndoo zinakula naitrojeni, na majani yanakuwa manjano mwezi wa pili.

Mboji ya magugu maji ni nzuri, inashika maji kuliko nyingi. Yakatwe vipande, yaanikwe yakauke, yarundikwe na samadi, yageuzwe kila wiki mbili hadi yasitambulike tena. Yasitoke karibu na mdomo wa mtaro wa maji machafu, kwani mmea huo unafyonza metali nzito.

Kamua konzi ya mchanganyiko uliolowa. Yatoke matone mawili matatu, na donge livunjike ukiligusa kwa kidole. Yakitoka maji ya kuchuruzika, ongeza luseni na pumba.

Wakati wa kupanda, kitovu cha mmea, pale majani mapya yanapochomoza, kikae usawa wa udongo. Kikifukiwa kinaoza.

## Kuizoesha

Ndoo iliyojaa ina uzito wa kuvunja mgongo. Iweke mahali pake pa kudumu tangu siku ya kwanza, na kinachohama kiwe neti.

Neti ya kivuli ya asilimia 50 inapatikana kwenye maduka ya pembejeo kwa mita. Ifunge kwenye miti minne. Wiki ya kwanza ifunike kuanzia saa mbili na nusu asubuhi. Ya pili kuanzia saa tatu na nusu. Ya tatu, saa nne na nusu. Ya nne, saa tano. Kwa baraza la mashariki kazi imekwisha hapo. Kwa jua la kutwa, endelea kusogeza saa moja kila wiki, na usisogeze wiki ambayo jani jipya limeonyesha mabaka.

Wakati mzuri ni mwanzo wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeanza na mawingu yakisaidia. Mwisho wa Septemba ni wakati mbaya kuliko wote: jua liko utosini, mvua bado, upepo mkavu. Ukinunua Septemba, iache kivulini hadi mvua.

Majani ya zamani yaliyoungua usiyakate yote kwa pamoja. Acha theluthi moja. Hata jani lililoharibika nusu bado linaulisha mmea unaotengeneza mengine.

## Maji na mbolea

Mwagilia kabla ya saa mbili asubuhi, hadi maji yatoke kwenye matundu ya ubavuni. Kiangazi, Juni hadi Septemba, ni kila siku kwa ndoo iliyo juani kutwa, na siku za upepo mkali ongeza jioni. Ziweke ndoo karibukaribu, majani yagusane, zinakingana upepo.

Ukikuta imenyauka saa saba, ipe maji saa saba. Ile hofu kwamba matone yanaunguza majani mchana haina msingi kwa *Nephrolepis*. Watafiti wa Hungaria walilipima jambo hili na kulichapisha 2010: kwenye majani laini matone hayakuunguza. Yaliyoungua ni ya mmea wenye vinyweleo vinavyoinua tone juu ya jani, na mmea wenyewe, ajabu, ni *Salvinia*, kangaga inayoelea majini.

Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa unakataa maji. Unamwagilia, maji yanatoka upesi, unafurahi, kumbe yamepita kati ya udongo na ukuta wa ndoo. Inua ndoo: ikiwa nyepesi baada ya kumwagilia, ndivyo ilivyo. Itumbukize kwenye beseni la maji kwa saa nzima.

Mbolea iwe kidogo. Kangaga inachukia chumvi mizizini. Nusu kijiko cha chai cha NPK 17:17:17 kwenye lita 5 za maji, mara moja kila wiki tatu au nne wakati wa mvua, udongo ukiwa tayari umelowa. Kiangazi acha. Urea ya kurushia kwa mkono isikaribie ndoo kabisa. Punje chache zinatosha kuunguza kitovu.

## Kusoma majani

Ncha kahawia, jani zima kijani: upepo, ukavu au chumvi. Mabaka meupe katikati: jua. Jani jipya linageuka jeusi likiwa bado limejiviringa: tazama mizizi, imepikwa au imeoza. Manjano ya jumla kwenye majani ya chini tu: njaa ya naitrojeni. Manjano hafifu kwenye mmea mzima ulioko juani, ukiwa unaendelea kutoa majani: ndiyo rangi yake ya juani, uache.

Na vidoti vya kahawia chini ya jani. Hivi vimeua kangaga nyingi kwa mikono ya wenyewe. Vikiwa vimepangika kwa mistari, umbali sawa, pande mbili za mshipa wa kila kijisehemu cha jani, ni mifuko ya spora, mbegu zake kwa namna yake. Mmea una afya. Wadudu wa magamba hukaa ovyo, wengine juu ya kikonyo, na ukiwakwangua kwa ukucha wanabanduka na kuacha unata. Hao watoe kwa pamba yenye maji ya sabuni hafifu. Dawa za mafuta za kupulizia zinaunguza majani ya kangaga. Ukilazimika, jaribu jani moja na usubiri siku tatu.

## Mwaka wa pili

*Nephrolepis* hutoa kamba nyembamba kutoka kitovuni, na kila kamba ikigusa udongo inaota mche. Ndani ya mwaka mmoja na nusu ndoo inajaa. Mizizi inachukua nafasi ya udongo, akiba ya maji inapungua, na ile hesabu ya lita inarudi kuwa mbaya huku wewe hujabadilisha chochote. Mmea uliovumilia jua mwaka wa kwanza ukianza kukauka wa pili, sababu mara nyingi ni hiyo.

Mvua zikianza, uchomoe wote. Kata kwa kisu kikali vipande vyenye majani matatu hadi matano kila kimoja, na vichukuliwe vya pembezoni. Katikati huwa pamechoka. Panda kwenye udongo mpya, chini ya neti wiki mbili, kisha anza ratiba ya kuzoesha.

Kitakachobaki kisitupwe korongoni. *Nephrolepis cordifolia* siyo ya huku, na Florida na Afrika Kusini imekwisha kuwa gugu linalofukuza mimea ya asili. Ziwa letu tayari linabeba magugu maji, na *Salvinia* sasa imeongezeka juu yake. Kinundu kimoja kibichi kinatosha kuanzisha kichaka kwenye mto unaoshuka ziwani. Anika mabaki yote juu ya bati hadi vinundu visinyae na kuwa vigumu, kisha yachome.